Tulijaribu boti mbili za jeti Naivasha, usidanganywe na hosipawa

Wadau, kama uko Nairobi na unatafuta boti ya jeti (ile inasukumwa na pampu inayorusha maji nyuma, haina propela ya nje), ile hosipawa, yaani nguvu ya injini, muuzaji anakuonyesha kwa simu punguza kwanza karibu moja ya tano ndio muanze kuongea bei. Hio namba imeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na sisi wengi wa huku hizi boti tunazipeleka Naivasha, karibu mita 1,890 juu, hewa nyepesi na injini inapumua kidogo. Hesabu ya mafundi ni kama asilimia 3 inaenda kila ukipanda mita 300, sasa piga mwenyewe, 200 inabaki mia na sitini na kitu. Kelele nayo haipungui, hio utaipata yote.

Sisi ni chama cha marafiki, pesa tumechanga pole pole, na tukapata boti mbili za mitumba kwa yadi moja upande wa Mombasa Road. Jina la yadi naacha, na kampuni zilizotengeneza pia naacha maana boti ya mtumba inabeba tabia za mwenye aliitumia, sio haki kumbandikia aliyeiunda. Ya kwanza ina injini moja ya silinda nne, lita 1.8, na supachaja (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), hosipawa 250. Ya pili ina injini mbili ndogo za silinda tatu, cc elfu moja na kidogo kila moja, hazina supachaja, ukijumlisha karatasi inasema mia mbili na kitu.

Muuzaji alitaka tumalizie hapo hapo yadini. Akaunganisha hosipaipu, akawasha mashine kwanza ndio akafungua maji (hapo alifanya vizuri, ukifungua maji kabla injini haijawaka yanaweza kurudi ndani ya silinda, na ukizima unafunga maji kwanza), akavuta mafuta kidogo, "bosi sikia hio, mia mbili hamsini, hii itaruka". Sasa boti ikiwa kwa trela pampu haisukumi chochote, injini haina mzigo, na ekzosi iko nje kwa hewa badala ya majini kwa hivyo inapiga makelele ambayo hayana uhusiano na yale utasikia ziwani. Kwa hosipaipu unajua tu kama inawaka na kama inatoa moshi wa ajabu. Nguvu hujui, kelele hujui. Tukamwambia deposit hatutoi mpaka boti ziguse maji, akanuna kidogo lakini akakubali, mafuta yetu na trela yetu.

Naivasha tulichukua nahodha wa huko, mtu mzima ambaye amekula chumvi kwa hilo ziwa, na ndio nasema hio pesa ya kapteni ndio ilikuwa ya maana kuliko zote.

Boti ya supachaja kwanza. Kuondoka inaondoka, mgongo unasukumwa kwa kiti, hapo sina maneno. Muuzaji alikuwa ametuambia supachaja haisikii milima, si kweli, hii ya kuzungushwa na injini yenyewe inapoteza karibu sawa na zingine, ni vile tu imeanza na nyingi ndio inayobaki inatosha. Shida ni sauti. Kuna mlio mwembamba unaingia ukishapita nusu ya mafuta, kama blenda ya jirani saa kumi na mbili asubuhi, na hauishi mpaka upunguze. Kiti cha nyuma kiko karibu juu ya injini na waliokaa pale waliacha kuongea kabisa wakabaki kuonyeshana na mikono. Ukikaa mbele kabisa afadhali, upepo unabeba sehemu kubwa.

Injini za jeti kwa jumla hupiga mizunguko mingi, elfu saba na zaidi kwa dakika ukifungua yote, wakati ile mashine ya kawaida ya kufunga nyuma yenye propela inaishia elfu tano au sita. Kwa hivyo mtu akikuambia jeti yake ni kimya muulize kimya ukilinganisha na nini. Na pampu yenyewe inakula nguvu, sio siri, Mercury wanauza mashine ya jeti ya kufunga nyuma inaitwa Jet 80, na injini yake ni ile ile ya hosipawa 115. Unalipa hio tofauti ndio upate kupita maji ya kina kifupi na watoto waogelee nyuma bila propela.

Boti ya pili, ile ya injini mbili, mimi nilitarajia kelele mara mbili. Haiko hivyo. Injini mbili zinazofanana zinaongeza desibeli (kipimo cha sauti) 3 tu juu ya moja, na sikio kuhisi sauti imekuwa mara mbili linataka kama 10. Hata sheria ya Ulaya ya boti za starehe inaenda hivyo hivyo, injini ya zaidi ya kilowati 40 kikomo ni desibeli 75, ukiwa na mbili wanakuongezea 3. Lakini jua hio inapimwa mita 25 kutoka kwa boti, yaani ni ya kumlinda mwenye amekaa ufuoni, wewe mwenye umekalia injini haikuhusu. Ukiona cheti kimeandikwa 75 usidhani ndio utasikia ukiwa ndani.

Sauti yake ni nzito na ya chini, unaweza kuongea na dereva ukiinua sauti. Kitu kimoja kinaudhi, ile mikono miwili ya mafuta ikiwa haijalingana zinaanza kuvutana, wuu wuu wuu, mpaka kichwa kinauma. Kapteni akasogeza mmoja upana wa ukucha hivi na ikapotea. Haikasirishi tena ukishajua.

Sasa hapa ndio pa kuweka akili. Hio ya pili ilikuwa inalia vizuri lakini haiendi. Kapteni akatuambia tuangalie mshale wa mizunguko ya injini, sio kasi. Ukifungua mafuta yote na mizunguko inakataa kufika pale inapotakiwa, hio ni injini imechoka au ni hewa ya huku juu, na ya hewa dawa yake ni kubadilisha impela (ile feni ya ndani ya pampu inayosukuma maji) uweke ambayo mabawa yake yana mlalo mdogo. Lakini mizunguko ikipanda mpaka juu, kelele ikapanda nayo, na boti iko pale pale, hio ni pampu inakula hewa badala ya maji. Tukasimama, akafungua kile kifuniko cha nyuma akaingiza mkono, akatoa mizizi ya gugumaji imejisokota kama kilo nzima. Tukaenda tena, injini ya kulia ikakaa sawa, ya kushoto bado. Kuangalia na tochi, impela ya kushoto imeliwa pembeni, nafasi kati yake na ukuta wa pampu kidole kidogo kinakaribia kupita. Mchanga huo, mtu amekuwa akiwashia ufuoni. Yadini tusingeona hata tukae wiki.

Maoni yangu, ukitaka kuvuta watu kwa skii na marafiki wako wanapenda kelele, supachaja, na uwe tayari kwa mafuta ya bei juu. Ukiwa na familia na unataka kuzunguka Crescent Island mkiongea, injini mbili, na zaidi ikiwa hutaki kukwama katikati ya viboko na mashine moja iliyokufa. Tofauti ya hosipawa thelathini au arobaini kwa huo mwinuko wa Naivasha hutaihisi, ya kelele utaihisi kila Jumamosi.

Yadi wanapata nyota tatu. Boti walizileta, saa walichelewa, na karatasi za usajili wa Kenya Maritime Authority za boti moja zilikuwa "ziko njiani". Tumetoa ofa ya hio ya injini mbili kwa sharti impela ya kushoto na mkanda wake (ile pete ya ukuta wa pampu inayoizunguka) zibadilishwe kwa pesa yao, na turudi majini kabla ya kulipa. Muuzaji anasema ataongea na mwenyewe.