Kipimo cha EEG kwa mzazi mwenye Alzheimer: nawapa nyota 4

Ni kliniki binafsi ya ubongo na mishipa ya fahamu hapa Dar, anayetaka jina aje inbox. Naandika kwa wenye wazazi wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, maana wengi hatuambiwi kabisa kama kipimo hiki cha kusoma umeme wa ubongo kwa waya zinazobandikwa kichwani kinatuhusu.

Mama alikuwa anakata maneno ghafla, macho yanaganda, mdomo unatafuna tafuna wakati hana kitu mdomoni, baada ya muda anarudi kachoka na hajui tulikuwa tunaongea nini. Kwingine tulijibiwa ni ugonjwa unaendelea, mzoeeni tu. Hapa daktari alimuuliza dada wa nyumbani kuliko alivyotuuliza sisi, kwa sababu yeye ndo analala nae, halafu akaomba video ya simu. Akatuelewesha kwamba Alzheimer inafanya ubongo uwe mwepesi kupiga shoti, yaani kupata kifafa, na kifafa cha wazee mara nyingi hakina kuanguka wala povu ndo maana watu wanadhani ni usahaulifu ule ule. Wakacheki kwanza sukari, chumvi za damu na dawa zote anazomeza, hata tramadoli ya maumivu inaweza kuamsha kifafa.

EEG haiumi wala haimpigi mtu umeme, inasoma tu. Ile fupi ilitoka safi ila daktari akasema wazi hiyo haimaanishi hana kifafa, tufanye ya usiku kucha maana kwa wagonjwa hawa hitilafu nyingi hujitokeza usingizini, na kweli ikaonekana. Nesi wa zamu Mungu ambariki, mama anang'oa waya yeye anabandika tena, "haya mama yangu, bado huu mmoja tu", wala hakukasirika.

Kaanzishiwa dawa ya kifafa inaitwa levetirasetamu, dozi ndogo kulingana na figo zake, sio fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa ambayo inawalaza wazee na kuwachanganya zaidi. Walituonya anaweza kuwa mkali, na akawa mkali kweli, wakarekebisha dozi. Kuganda kumepungua sana. Kumbukumbu haijarudi na wala hawakutuahidi hilo.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya mapokezi, hawakusema mapema kwamba bima yetu hailipii ya usiku kucha mpaka tuko dirishani na mgonjwa. Mkienda, fumueni nywele na muoshe bila kupaka mafuta, ile jeli ya kubandikia waya inagandia vibaya.