Kibao cha mlangoni: nimesoma kumbukumbu za Mary Higgins Clark

Kitabu hiki nilikikuta Posta, Dar es Salaam, kwa kijana anayepanga vitabu vya mitumba juu ya turubai. Alitaka 10,000, tukaelewana 7,000. "Anti, huyu mama hakai hapa, akija tu anaondoka," akaniambia huku akipangusa vumbi kwa kiganja. Nilijua anachosema. Riwaya za Mary Higgins Clark, yule mwandishi wa taharuki wa Marekani, nimezisoma tangu nikiwa kidato cha tatu, zilizochakaa, nyingine hazina jalada. Ila hiki si riwaya. Ni maisha yake, kayaandika mwenyewe, kikatoka mwaka 2002: *Kitchen Privileges*.

Jina hilo maana yake ni ruhusa ya kutumia jiko. Limetoka kwenye kibao ambacho mama yake, Nora, alikiweka mlangoni kwao Bronx, New York, baada ya mumewe kufariki mwaka 1939: vyumba vina samani, na mpangaji anaruhusiwa kutumia jiko. Mary alikuwa na miaka 11. Baba yake, Luke, alikuwa na baa, na biashara ilikuwa imeyumba tangu miaka ile ya mdororo wa uchumi. Asubuhi ile Mary alikuwa ametoka kanisani, misa ya mapema, akakuta majirani wamejaa nyumbani. Baba amefia usingizini.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa mara ya kwanza. Kwetu ukirudi ukakuta viatu vingi mlangoni asubuhi, huhitaji kuambiwa. Mimi nilikuwa darasa la sita, Ngamiani, Tanga. Arobaini ilipopita, mama alituhamishia wote chumba kimoja cha nyuma, vyumba vitatu vya mbele akavipangisha. Tangazo niliandika mimi kwa sababu mwandiko wangu ndio uliokuwa unasomeka: "Chumba kinapangishwa. Uliza ndani." Karatasi ya daftari, kalamu nyekundu, tukaibandika kwa ugali. Jiko lilikuwa uani, na kila mpangaji alikuja na jiko lake la mkaa, kwa hiyo jioni unakuta majiko manne yanafuka kwa pamoja na mama katikati akiamua ugomvi wa nani kamwaga maji ya nani.

Nasema haya mapema ili ujue anayekihakiki kitabu ni nani. Siwezi kujifanya nimekisoma kama mgeni.

Sehemu ya Bronx ndiyo bora kuliko zote. Nora anajitahidi, wapangaji wanaingia na kutoka, Mary anamsaidia, na jioni baada ya shule anafanya kazi ya kuunganisha simu kwenye hoteli ya Shelton. Alikuwa anasikiliza mazungumzo ya wageni. Mmoja wao alikuwa Tennessee Williams, mwandishi wa tamthilia, aliyekuwa akiishi pale. Msichana wa miaka 16 hivi ameshika nyaya za simu, anasikia sauti za watu asiowaona, anajazia mwenyewe sura zao na siri zao. Nadhani ufundi wake mwingi ulianzia kwenye ile meza ya simu kabla hajaandika hata hadithi moja ya kuuza.

Pamoja na mshahara wake, nyumba waliipoteza. Deni la benki liliwashinda, wakahamia nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Kaka yake mkubwa, Joseph, alipomaliza sekondari mwaka 1944 alijiunga na jeshi la majini, apate pia cha kumtumia mama. Miezi sita baadaye akafariki kwa homa ya uti wa mgongo. Na kwa kuwa Nora alikuwa tegemezi wa askari, akaanza kulipwa pensheni ya maisha. Ndiyo iliyomwezesha Mary kuacha kuubeba mzigo wa nyumba na kwenda kusomea uhazili. Mary haongezi maneno hapo. Analisema na kusonga mbele, nami ilibidi nirudi nyuma nisome tena, nipate kuelewa kwamba familia ile ilipumua kwa pesa iliyotoka kwenye kaburi la mtoto wao.

Kisha kitabu kinapata mwanga. Aliandika maelezo ya bidhaa kwenye kampuni ya Remington Rand, halafu siku moja akamsikia rafiki yake mhudumu wa ndege akizungumzia joto la Calcutta, India, akaacha kazi akaenda shirika la ndege la Pan American. Mwaka mmoja wa kuruka, 1949, Ulaya, Afrika na Asia. Mwisho wa mwaka huo aliolewa na Warren Clark, jirani aliyempenda tangu ana miaka 16. Kurasa za Warren zimeandikwa kwa mapenzi ya kweli, bila sukari. Wanaosema Clark ni mwandishi wa taharuki tu wasome hapa. Riwaya zake zina mapenzi kwa sababu aliwahi kupendwa vizuri, na zina hofu kwa sababu aliyempenda alichukuliwa.

Warren alikuwa na ugonjwa wa moyo, wote wawili walijua. Alifariki mwaka 1964. Mama yake Warren alikuwa pale nyumbani. Alipomwona mwanawe amekufa, naye alianguka akafa usiku ule ule. Misiba miwili chini ya paa moja, watoto watano, mdogo wao ana miaka mitano. Ungeyaweka kwenye riwaya, mhariri angekwambia umezidisha.

Sasa nije kwenye kazi, maana wengi wetu tunaoandika simulizi tunakitafuta kitabu cha namna hii kwa ajili hiyo.

Mimi naandika mapenzi na upelelezi kwenye simu, natuma kwa kundi la wasomaji, sehemu moja shilingi 500. Ukinikuta kwenye daladala nimeinamia simu, ujue kuna mtu nimemwacha kwenye chumba cheusi na wasomaji wananiandikia, "Dada, umeishia patamu!" Kwa hiyo nilisoma hesabu za Clark kwa makini kama anayesoma risiti. Hadithi yake fupi ya kwanza, kuhusu mhudumu wa ndege anayegundua mtu aliyejificha ndani ya ndege, iliuzwa mwaka 1956 kwa dola 100. Kabla ya hapo ilikuwa imezunguka miaka sita na kukataliwa mara 40. Ile barua ya kukubaliwa aliitia kwenye fremu.

Mara 40! Mimi mswada wangu mmoja ulikaa kwenye ofisi ya wachapaji, siwataji, miaka miwili bila hata neno la hapana. Nilipokwenda kuufuata nikaukuta chini ya kikombe cha chai, karatasi ya juu ina duara la kahawia. Nililia kwenye ngazi. Sikuandika karibu mwaka mzima. Clark alikuwa anaandika na kutuma, hadithi moja ikirudi nyingine iko njiani, huku ananyonyesha. Baada ya Warren kufa aliajiriwa kuandika vipindi vifupi vya redio, vya dakika nne, kuhusu watu maarufu wa historia ya Marekani. Dakika nne hazikuruhusu porojo. Ukisoma riwaya zake na ukajiuliza kwa nini sura zake ni fupi na kila moja ina kitu, jibu liko redioni.

Aliamka saa 11 alfajiri, akakaa meza ya jikoni hadi saa 1, kisha akaamsha watoto kwenda shule na yeye kazini. Jiko tena. Nora aliligawa kwa wapangaji, binti yake akaligawa kwa wahusika.

Matunda hayakuja haraka. Kitabu chake cha kwanza, cha mwishoni mwa miaka ya 1960, kilihusu mapenzi ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na mkewe Martha, na hakikuuzika. Akageukia taharuki. *Where Are the Children?* kilitoka mwaka 1975: mama aliyewahi kushtakiwa kwa kuua watoto wake wawili, akaachiwa, akabadili mwonekano, akahamia Cape Cod, pwani ya Massachusetts, akaolewa upya na kupata wengine wawili. Asubuhi moja nao wanatoweka. Wachapishaji wake, Simon & Schuster, walimlipa dola 3,000. Miezi michache baadaye haki za toleo la jalada laini zikauzwa kwa dola 100,000. Riwaya iliyofuata ilimletea zaidi ya milioni moja. Habari hiyo ilimkuta akiwa mwanafunzi wa jioni Chuo Kikuu cha Fordham, na usiku huo alirudi nyumbani na gari ambalo bomba la moshi limekatika linaburuta lami. Nilimwona kabisa: mama wa miaka 48, milionea tangu jioni ile, anaendesha polepole na kelele za bati nyuma yake. Shahada ya falsafa aliimaliza mwaka 1979.

Kuna ushauri mmoja ambao nimeanza kuufanyia kazi. Mwalimu wake wa uandishi alimwambia achukue jambo la kweli, kisha ajiulize: tuseme ingekuwa hivi? Na je, ingetokea vile? Nilipoyasoma hayo nikamkumbuka mpangaji wetu wa chumba cha kwanza kulia, fundi saa, mtu mpole, aliyepokea barua karibu kila mwezi. Siku alipohama tulifagia chumba, tukageuza godoro la sufi alilotuachia, tukakuta barua 11, zote hazijafunguliwa, mwandiko ule ule wa kike. Mama alizifunga kwa uzi akaziweka kabatini, "akirudi apewe." Hakurudi. Miaka yote hii nimekaa na mwanzo wa riwaya nyumbani kwetu na sikuuona, nikihangaika kubuni majambazi wa Johannesburg ambako sijawahi kufika.

Kasoro nazo zipo, tena si ndogo. Baada ya umaarufu kitabu kinakimbia. Karibu miaka 30 ya kuamka na kuwatisha mamilioni inapita kama kituo ambacho basi halisimami. Nilitaka kujua anavyopanga njama, anavyomficha mwovu hadi ukurasa wa mwisho, alivyoandika pamoja na bintiye Carol bila kugombana. Pia ana huruma mno kwa watu wote. Karibu kila anayeingia ni mwema au anachekesha. Mwanamke aliyezika baba, kaka, mume na mama mkwe lazima alikuwa na usiku wa hasira, na ningependa anionyeshe hata mmoja. Kuna majina mengi pia ya majirani na marafiki wa Bronx ambayo msomaji wa huku atayapita tu.

Kiingereza chake ni chepesi. Aliyemaliza kidato cha nne na ana mazoea ya kusoma atakimaliza kwa siku tatu, ni kurasa kama 200. Ambaye hajawahi kumsoma, aanze na riwaya moja kwanza, ile ya 1975, ndipo aje huku. Na kwa wenzangu ambao wasomaji wanawasukuma waandike "za chumbani" ili wauze: huyu mama hakuandika matusi wala vitanda, na alipofariki mwaka 2020 akiwa na miaka 92, vitabu vyake vilikuwa vimeuzwa Marekani peke yake nakala zaidi ya milioni 100. Mimi nimewajibu wasomaji wangu hivyo hivyo. Wawili wamejitoa kwenye kundi, waliobaki wanauliza sehemu ya 9 inatoka lini.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ile miaka aliyoikimbia.

Mwezi uliopita nilikwenda nacho Tanga. Mama macho yamepungua, na Kiingereza hakijui, kwa hiyo nikawa nasoma kimoyomoyo na kumtafsiria kwa sauti, tumekaa uani, pale pale yalipokuwa yanafuka majiko manne. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye pensheni ya Joseph akasema, "Maskini, pesa hiyo unailaje?" Tukanyamaza kidogo. Nilimwuliza barua za fundi saa ziko wapi, akaonyesha kabati kwa kidole bila kugeuka. Kisha akasema, "Mwanangu, hebu rudia pale pa kibao."

Nikafungua mwanzo, nikamrudia.