Duka la samaki wa akwariamu Nairobi: mwamini yule anayekataa kukuuzia leo

Watu wengi wakitaka samaki wa kuweka nyumbani swali la kwanza ni wapi bei iko chini, na mimi pia nilianza hivyo, nikaingia duka moja pale tao nikanunua tangi ya lita 40, filta na neoni tetra kumi, vyote siku moja, nikapanda matatu na hao samaki mapajani, Jumamosi hiyo. Kufika Ijumaa alikuwa amebaki mmoja. Yule muuzaji hakuniuliza swali hata moja, alifunga karatasi akangoja meseji ya M-Pesa basi. Tangu hapo maduka siyapangi kwa bei, nayapanga kwa maswali ninayoulizwa.

Sababu ni hii. Samaki akila na kujisaidia anatoa amonia, na amonia inaua. Kwenye tangi iliyokomaa kuna bakteria wanaoishi kwa sponji ya filta na kwa mawe, wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati ambayo unaipunguza tu kwa kubadilisha maji kila wiki. Hao bakteria huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Tangi mpya hawako. Mwenye duka anayejua kazi yake anajua hilo, na akikuuzia samaki kumi siku ile ile unanunua tangi amechagua pesa yako.

Namba moja: duka dogo la mtu anayefuga samaki tu. Si mbwa, si chakula cha kuku, samaki pekee. Ukiingia tu anakuuliza tangi yako ni ya lita ngapi, imekaa na maji muda gani, nani yuko ndani tayari. Halafu anauliza maji yako ni ya kaunti ama ya kisima, na hapo ujue umefika. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji hapa Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ni maji laini, yaani yenye madini kidogo, na yanatiwa klorini, ambayo inaunguza matamvua ya samaki na kuua wale bakteria wako, kwa hivyo lazima utumie dawa ya kuondoa klorini au uyaache kwa ndoo wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Maji ya kisima ni habari nyingine kabisa, inabidi uyapime. Sasa mtu akikuuzia siklidi wa Ziwa Malawi, ambao wanataka maji magumu, yenye madini mengi na pH (kipimo cha asidi) kama 8, bila kuuliza maji yako yanatoka wapi, huyo hakujali wewe wala samaki.

Hata kabla hajakusalimia, angalia tangi zake. Zote, hata zile za nyuma. Samaki mmoja aliyekufa inaweza kuwa bahati mbaya ya asubuhi hiyo, lakini maiti watatu kwa tangi tatu, toka. Angalia mapezi kama yamekunjwa kubana mwili, angalia vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, huo ni ugonjwa wa madoa meupe na unaambukiza haraka sana, na kumbuka maduka mengi tangi zote zinashiriki maji ya filta moja kwa hivyo tangi moja ikiugua hesabu zote zimeugua. Tazama pia kama anachovya wavu ule ule kila tangi bila kuusafisha. Samaki wakiwa wote juu wanapiga midomo hewani, oksijeni haitoshi, na hapa kwetu mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa joto lile lile maji hushika oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko Mombasa, kwa hivyo duka lisilo na pampu za hewa linatesa samaki.

Halafu mwombe awalishe ukiona. Samaki mzima anakimbilia chakula. Uliza waliingia lini, na wakiwa wamefika jana kutoka eapoti usinunue, mwambie akuwekee wiki mbili. Aliye mzuri atakubali, wengine huchukua deposti kidogo na hiyo ni sawa kabisa.

Namba mbili: mfugaji wa nyumbani. Kwa gapi, moli na plati mimi kusema kweli namweka huyu mbele ya maduka yote, kwa sababu samaki wake wamezaliwa kwa maji haya haya ya Nairobi, hawajasafiri mbali, na unawaona wazazi wao. Shida ni aina chache. Na ukimuuliza atakupa sponji kuukuu ya filta yake bure, ichukue haraka, iweke kwa mfuko wenye maji, hiyo ni bakteria hai na itakupunguzia wiki kadhaa za kungoja.

Namba tatu: duka la wanyama ndani ya jengo kubwa la maduka. Safi, taa nzuri, na vifaa huwa viko, hita na filta unaweza kununua hapo. Hita ni ya lazima ukitaka samaki wa joto, wanataka nyuzi 24 hadi 27 na Julai yetu mnaijua. Lakini samaki hapo mara nyingi anauzwa na kijana anayeshughulikia pia sabuni za mbwa, na nimewahi kuambiwa samaki anayeitwa oska anatosha tangi ya lita 60. Oska hufika sentimita 30 jamani.

Namba nne: wa mtandaoni wanaotuma na boda. Omba video ya leo, si picha. Zaidi ya hapo sina mengi.

Mwisho kabisa: goldfishi wa kwa mfuko kando ya barabara. Usinunue hata kwa huruma, ukinunua mmoja kesho wataletwa wawili wakapikwe na jua.

Ukishanunua, hakikisha mfuko una maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ufungwe kwa gazeti, na usikae dirishani kwa matatu. Ukifika, uache uelee juu ya maji ya tangi dakika 20, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, halafu mtoe samaki kwa wavu. Maji ya duka mwaga kwa sinki, na taa ya tangi izime mpaka kesho asubuhi.