Mboji ya Viroba Kutoka Mwanjelwa: Uzito Kamili, Uozaji Nusu

Mwanzoni mwa Novemba nilinunua viroba sita vya mboji kwa muuzaji mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa ajili ya bustani yangu ya Uyole. Uzito ulikuwa kamili, viroba vilishonwa vizuri, na kijana wa guta aliyevileta hakudai nyongeza.

Kasoro imo ndani. Nilipotia mkono katika kiroba cha kwanza nilikuta vuguvugu kama la uji uliosahauliwa mezani, na vumbi la mbao lilikuwa bado linaonekana kwa macho. Nilipompigia simu, muuzaji alinihakikishia kuwa joto hilo ndiyo nguvu ya mbolea. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Joto hilo ni nishati ya jua ambayo mti uliihifadhi ulipokuwa hai, na sasa bakteria na kuvu wanaitumia wakiuozesha. Ikishatoka kama joto imekwenda, wala spinachi haiwezi kuidaka, kwa sababu mmea hupata nishati yake kwenye mwanga, si kwenye udongo. Kinachorudi shambani ni maada tu, yaani naitrojeni, fosforasi na wenzake.

Na hata hiyo naitrojeni ilichelewa. Viroba viwili nilivichanganya kwenye matuta ya spinachi, na baada ya wiki mbili majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, ilhali tuta ambalo halikuguswa lilibaki kijani. Waozeshaji hufanya kazi vizuri wakipata takribani sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, lakini vumbi la mbao huwa na mamia ya sehemu za kaboni, hivyo upungufu wao wa naitrojeni waliujazia kwa kuichota kwenye udongo wangu. Wakifa watairudisha, lakini mboga haziwezi kungoja.

Viroba vinne vilivyosalia nililundika chini ya migomba pamoja na samadi mbichi na mabua ya maharage, nikawa nageuza kila wiki. Lundo lilizama karibu nusu, maana kaboni nyingi hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi, na mwezi Machi lilikuwa baridi, jeusi, lenye harufu ya msituni baada ya mvua. Hiyo ndiyo mboji niliyodhani nimeilipia Novemba.

Nitanunua tena kwake kwa bei ya malighafi, na nitatia mkono kirobani kabla ya kutoa fedha.