Kompyuta ndogo, ya kimya na isiyochemka: vifaa vya kununua kwa nyumba isiyo na kiyoyozi

Vipimo vya joto unavyovikuta mtandaoni vingi vimefanyiwa Ulaya au Marekani, ndani ya chumba chenye nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Temeke au Likoni mwezi wa Februari, saa nane mchana, pangaboi likizunguka, kina nyuzi 31 au 32. Kompyuta haikwepi hilo. Hewa ya chumba ikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10 zilezile, kwa sababu hitisinki (chuma chenye mapezi kinachoondoa joto) haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipitia. Prosesa iliyokaa nyuzi 78 kwenye video, kwako itakaa 88, na feni itapiga mbio kuizuia isifike 95. Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa udogo wala urembo. Tumeangalia mashine ipi itakaa kimya mezani katika nyumba kama hiyo.

Kabla ya keisi (sanduku la kompyuta), tazama wati, maana kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto. Prosesa ya Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi huruhusiwa kufika 88. Ndugu yake 7600X imeandikwa 105 na hufika 142. Kwa kazi za nyumbani hutaona tofauti ya kasi yenye maana, ila ya kelele utaisikia ukiwa chumba cha pili. Core i5-12400 nayo ni wati 65 kwa jina, 117 ikikimbia. Muuzaji atakutajia namba ndogo. Wewe tafuta ile kubwa.

Halafu feni. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na hilo ni punguzo kubwa mno sikioni. Kwa hiyo feni mbili za mm 120 zinazozunguka mara 700 kwa dakika zinaweza kusukuma hewa inayokaribia ile ya feni moja inayozunguka mara 1,400, na usiku utasikia saa ya ukutani kabla ya kuzisikia hizo. Feni ya mm 40 haina njia hiyo: ili ipeleke hewa ya maana lazima ipige mluzi.

1. Keisi ya lita 15 hadi 20, hitisinki ya mnara, prosesa ya wati 65

Hii tunaiweka ya kwanza bila kusita, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote hapa. Keisi kama Cooler Master NR200, yenye lita 18.25, hupokea madabodi (ubao mkuu) ya Mini-ITX (mm 170 kwa 170), feni mbili za mm 120 chini na mbili juu, na hitisinki yenye kimo cha hadi mm 155. Hicho kimo ndicho unachokinunua. Hitisinki ya mnara ina mapezi mengi na hewa hupita upande mmoja kutokea wa pili, haigongi ubao ikarudi usoni.

Angalia vipimo kwa milimita, si kwa macho. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha mm 155, yaani inaingia NR200 bila nafasi ya kupitisha hata karatasi. Ni hitisinki nzuri kwa bei yake, lakini kwa prosesa ya wati 88 hata Noctua NH-U9S ya mm 125 inatosha, na inabakiza nafasi ya vidole vyako na nyaya.

Usipohitaji kadi ya grafiki, chukua Ryzen 5 8600G, ambayo ina grafiki ya kutosha ndani yake kwa kazi za ofisi, video na michezo isiyo mizito. Nunua RAM mbili zinazofanana, GB 16 na GB 16, usinunue moja ya GB 32: grafiki ya ndani hula kwenye RAM, na kijiti kimoja huikata njia kwa nusu. Ukipanga kuongeza kadi baadaye, epuka 8500G, kwa kuwa huipa kadi njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na prosesa) ilhali 8600G hutoa 8. Ukiwa na kadi tangu mwanzo, 7600 ndiyo chaguo. Madabodi za B650, zinazopokea prosesa hizi za Ryzen, zilitoka mwaka 2022, prosesa za 8000G zikaja Januari 2024, hivyo boksi lililolala dukani laweza kuwa na BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) isiyozitambua. Chagua madabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

Mpangilio wa hewa: feni mbili za chini zivute, mbili za juu zitoe, na za chini zizunguke kasi kidogo kuliko za juu. Hapo hewa huingia kupitia chujio na kutokea kwenye mianya. Ukigeuza uwiano huo, kila tundu la keisi linakuwa mdomo wa vumbi. Chujio likikosekana, kipande cha soksi nyembamba za kike kilichovutwa vizuri kinafanya kazi hiyo. Arctic P12 ni feni ya bei nafuu inayotosha kabisa. Noctua NF-A12x25 ni bora, hasa mlio wake hauchoshi, lakini kwa bei ya moja unapata P12 kadhaa. Ukiweka kadi nene, huenda feni za chini zikahitaji kuwa za unene wa mm 15 badala ya 25.

2. ASRock DeskMini X600

Lita 1.92, ndogo kuliko dumu la mafuta la lita mbili. Unainunua ikiwa na keisi, madabodi na adapta ya wati 120. Unaongeza prosesa ya AM5 (soketi ya Ryzen tulizozitaja), RAM za laptopu (DDR5 SO-DIMM) na SSD ya M.2. Adapta ikiwa nje ya boksi, hakuna feni ya pawa saplai na joto lake halimo ndani.

Mpaka wake ni kimo cha hitisinki, mm 47. NH-L9a-AM5 ina mm 37 na inaingia vizuri. Hapa kuna jambo dogo linaloharibu wengi. Kati ya feni na matundu ya ubavuni hubaki upenyo wa milimita chache, na feni badala ya kuvuta hewa ya nje huvuta ileile ya moto iliyokwisha pita kwenye mapezi. Kata sponji laini iwe duara lenye kipenyo cha feni, toboa katikati ubaki ukingo tu, uweke juu ya fremu ili ikifungwa igusane na ukuta wa keisi. Feni sasa inalazimika kuvuta kutoka nje. Hiyo ni kazi ya robo saa.

Kisha ingia BIOS, weka ukomo wa wati 45. Kwa kuperuzi, kuandika na hata kuhariri picha hutajua kama uliiwekea. Haishiki nafasi ya kwanza kwa sababu haipokei kadi ya grafiki, na kazi ndefu ya mchana wa joto bado itaiamsha feni.

3. Mtumba wa ofisini

Kariakoo na Luthuli kumejaa Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro zilizotoka ofisi za Ulaya. Kwa mwenye bajeti finyu hakuna kinachozishinda. Tafuta prosesa yenye herufi T mwishoni, kama Core i5-8500T: wati 35, viini sita. Namba ianze na 8 au zaidi, kwani Windows 11 hairuhusu kizazi cha 7 kushuka chini, na Windows 10 iliisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Lenovo M720q ni salama. M710q, iliyofanana nayo kama pacha, siyo. Anayetumia Linux anaweza kupuuza hili na kuomba punguzo.

Mbele ya muuzaji, ingia BIOS uone haina nenosiri la kampuni. Dai adapta ya asili pia, hasa kwa Dell: isipoitambua adapta hupunguza kasi ya prosesa makusudi, nawe utadhani umeuziwa mkangafu. Ukifika nyumbani fungua, piga vumbi, futa pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) kwa spiriti na upake mpya. Hilo peke yake mara nyingi hunyamazisha feni iliyokuwa ikilia dukani.

4. Keisi za lita 10 zenye kadi ya grafiki

Fractal Design Terra (lita 10.4) na wenzake ni warembo. Madabodi upande mmoja, kadi upande wa pili, katikati ukuta. Katika chumba cha nyuzi 32 urembo huo una gharama, kwa kuwa hitisinki lazima iwe bapa na feni za keisi karibu hazina mahali. Ukiitaka, kadi isizidi wati 115 za RTX 4060, na prosesa ifungwe kwa wati 65. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kuunganisha, shuku kwanza waya wa raiza, ule unaounganisha kadi na madabodi: wa zamani wa PCIe 3.0 hugombana na kadi ya 4.0 hadi uweke PCIe kwenye Gen 3 ndani ya BIOS.

Kupoza kwa maji hatukushauri kwa mtu anayetafuta kimya. Pampu hailali hata kompyuta ikiwa haifanyi kitu.

5. Isiyo na feni kabisa

Nunua ikiwa chumba kina kiyoyozi. Vinginevyo keisi itakuwa ya kuchoma mkono, na SSD iliyo ndani itachemka pamoja nayo.

Pawa saplai na umeme

Kwa keisi za kwanza na za nne utahitaji umbo la SFX (mm 125 × 100 × 63.5). Jumlisha: prosesa 88, kadi 115, vingine 50, ni kama 250. Wati 450 hadi 600 zinatosha, na chagua inayozima feni yake mzigo ukiwa mdogo, kama Corsair SF, yenye feni ya mm 92. Flex ATX, umbo jingine jembamba zaidi, ina feni ya mm 40, hivyo iache. UPS iwe ya wimbi halisi la sine. Zile za wimbi la kuigiza huweza kuifanya pawa saplai nzuri izime sekunde ileile umeme unapokatika, yaani wakati ulioinunulia. Pia VA, namba inayoandikwa kwenye UPS, si wati: UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa wati 360 au 390.

Yanayokosewa wakati wa kufunga

Plastiki ya kinga chini ya hitisinki haijabanduliwa: prosesa hufika nyuzi 95 ndani ya dakika. Pesti iwe kiasi cha punje ya choroko katikati. Skrubu kaza kwa zamu, mshazari, mizunguko miwili miwili. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, ikijifunza RAM, usichomoe.

Ratiba ya feni kwenye BIOS: asilimia 35 hadi nyuzi 60, 55 ifikapo 75, 100 ifikapo 90, na uiwekee kuchelewa kwa sekunde 3 ili isipande na kushuka kila ukifungua ukurasa. Pwani, chumvi na unyevu huganda na vumbi, hivyo fungua kila baada ya miezi miwili au mitatu. Unapopuliza, shika feni kwa kidole. Zikizungushwa na upepo wa mashine, beringi huumia na mlio utakaoanza hapo hautaondoka.