Nyumba ya mapadre, Masaka: ukifika omba chumba cha upande wa kulia

Mimi ni mwashi, kwetu Bukoba ila kazi zangu nyingi ziko Masaka, kwa hiyo chumba cha kulala nakikagua kuanzia ukutani, kitanda baadaye. Hapa ukuta umenifurahisha. Ilikuwa nyumba ya mapadre wa misheni ya zamani, siku hizi inapokea wageni: matofali ya kuchoma, unene karibu nusu mita. Saa nane mchana nje jua linawaka, ndani unavuta shuka.

Vyumba vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake barazani, katikati chumba kikubwa cha kulia chakula. Mpangilio huo una sababu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la mapadre la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza wasiishi chini ya watatu mahali pamoja. Basi kila mmoja apate pa kusali peke yake, na wote wakutane mezani. Padre Lourdel wa shirika hilo, ambaye Waganda humwita Mapera, alipofika Buganda mwaka 1879 hakukuta matofali yakimsubiri. Nyumba za namna hii zilikuja baadaye.

Baraza limezunguka pande zote. Wageni hulipendea chai, lakini kazi yake hasa ni kuzuia mvua isipige ukuta na jua lisiingie dirishani. Feni haipo, wala sikuitamani.

Sasa upande wa kushoto. Jamani! Matofali yaliyojengewa chokaa wameyapiga lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hauna pa kutokea, rangi imevimba malengelenge, na kabati limesogezwa kuyaficha. Juu wameweka dari la jipsamu na kuziba matundu ya hewa. Na kuna fundi aliyelipwa kwa hilo. Bei nayo ni ileile pande zote mbili, wakati kushoto unalala na harufu ya ukungu.

Matoke na mchuzi wa karanga, safi. Maji ya moto huletwa kwa ndoo, usiwe na haraka. Dada wa mapokezi anaongea Kiswahili vizuri na hachoki kuulizwa.

Piga simu mapema, taja upande wa kulia, chumba cha mwisho. Mlango wake wa mbao huvimba mvua ikinyesha. Unyanyue kidogo ndipo komeo liingie.