Uzoefu wangu: kujifunza Tit Sin Kuen kwa sifu wa Hung Gar, Guangzhou

Nianze na jibu, maana wengi mnaniuliza kama nguvu za ndani za Tit Sin Kuen, seti ya miondoko ya kung fu, ni za kweli: ndiyo, zipo, zinashikika kwa mkono, na kwenye kupigana zinafaa. Lakini hazimjii mtu kwa kukariri miondoko. Zinakuja pale mwalimu anapokukatalia kusonga mbele hadi kiwiko chako kikae panapotakiwa. Darasa ninalolizungumzia hufanya hivyo bila kuchoka, na kwa hilo tu nalipa ada yake kwa moyo mkunjufu, ingawa mjini humu yapo ya bei nafuu.

Mimi nipo Guangzhou kwa shughuli za mizigo: natafuta bidhaa, nakagua, napakia kontena la Dar. Nilikuja na msingi wa kung fu niliyojifunza nyumbani, kwa hiyo misimamo na ngumi za kawaida havikuwa vigeni kwangu. Nilichokuwa nakitafuta ni kile ambacho nyumbani tulikisikia tu kikisimuliwa, nguvu inayotoka kwenye mkono ambao hata haujarudishwa nyuma kupiga. Mwenzangu mmoja wa Lubumbashi, aliyeishi huku muda mrefu kuliko mimi, ndiye aliyenipeleka kwa huyu sifu, yaani mwalimu. Anafundisha alfajiri, uani kwa nyumba yake, kabla masoko ya jumla hayajafunguliwa.

Tit Sin Kuen, Ngumi ya Waya wa Chuma, ndiyo seti ya juu katika Hung Gar, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China, na Hung Gar inajihesabu kuwa Shaolin ya kusini. Seti hii inatajwa na jina la Leung Kwan, maarufu kama Tit Kiu Sam, mmoja wa wale walioitwa Simbamarara Kumi wa Guangdong katika karne ya 19. Mwanafunzi wake Lam Fuk-sing alimfundisha Wong Fei-hung, naye Wong akamrithisha Lam Sai-wing, mtu aliyewahi kuuza nyama ya nguruwe kabla hajawa mwalimu mwenye jina kubwa. Kuhusu hekalu lenyewe la Shaolin, lile la Henan linajulikana: lilijengwa mwaka 495. Hekalu la kusini linalosemwa lilichomwa moto na utawala wa Qing ni hadithi ya mapokeo, na leo miji ya Putian, Quanzhou na Fuqing, kila mmoja unadai lilikuwa kwake. Mimi hilo halinisumbui. Ukoo wa walimu tangu Tit Kiu Sam unafuatika, na kazi inayofanyika uani pale naiona kwa macho yangu.

Sifu hakunipa Tit Sin mara moja. Alitaka kwanza aone Gung Ji Fuk Fu, seti ya kumtuliza simbamarara, kisha Fu Hok, ya simbamarara na korongo. Miezi ikapita. Wapo walioondoka katika kipindi hicho, na ninawaelewa, kwa sababu walikuwa wamekuja kwa ajili ya Tit Sin. Lakini utaratibu huo una maana: seti hii haina muda wa kukufundisha kusimama, inachukulia kwamba miguu yako imeshajua.

Ukiitazama kwa mbali haina mvuto. Hakuna kuruka wala teke la juu, na miguu inahama kidogo sana. Kazi yote ipo kwenye vigasha, ambavyo wenyewe huviita madaraja kwa kuwa ndivyo vinavyokufikisha kwa mpinzani. Madaraja yapo 12, yaani namna 12 za kutumia kigasha: gumu, laini, la kubana, la kunyooka, la kutenganisha, la inchi, la kuinua, la kudhibiti na mengineyo. Kila mwondoko una daraja lake, na sifu akikuuliza unatumia lipi sasa hivi, jibu linatakiwa litoke mkononi.

Sehemu ya mwanzo ndiyo iliyonila muda kuliko zote zilizofuata. Unasimama vidole vya miguu vimeangalia ndani, magoti yanavutana, ngumi zipo mbavuni. Mikono inafunguka, kidole cha shahada kinasimama wima, vingine vinakunjwa, halafu kiganja kinasukuma mbele polepole. Polepole kweli: msukumo mmoja unakula pumzi nzima. Kidole kikisimama sawasawa, kano za chini ya kigasha zinavutika kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kikilegea kidogo tu, mvuto unakatika na unausikia umekatika. Sifu husimama ubavuni, anaingiza vidole viwili chini ya kwapa langu kupima kama msuli wa mgongo umeshuka, na mkono wa pili anaulaza begani. Bega likipanda analigonga, tunaanza upya. Asubuhi nyingi hatukwenda zaidi ya hapo.

Siku ya kunionyesha tofauti alinipa kigasha chake nikishike kwa mikono miwili. Kilikuwa laini, mkono wa mzee tu. Akavuta pumzi, akashusha kiwiko, na kigasha kikawa kama kamba ya jahazi iliyolowa: hakijakakamaa, lakini huwezi kukipinda. Mguu wangu wa nyuma ulihama wenyewe. Yeye alikuwa hajasogea. Kwangu mimi hayo ndiyo maana ya nguvu za ndani, mwili mzima kufika kwenye sehemu moja bila bega kuingilia njiani, na sina haja ya maelezo ya miujiza juu yake.

Kisha kuna sauti. Seti hii haichezwi kimya. Kila kundi la miondoko lina mlio wake unaotoka tumboni, mwingine mzito na mrefu, mwingine mkali wa kukatika. Mapokeo yanaifungamanisha milio hiyo na ini, moyo, bandama, mapafu na figo, pamoja na hasira, furaha na huzuni. Ninachoweza kukithibitisha mwenyewe ni kwamba mlio unamzuia mtu asifunge koo anapokaza misuli, na hilo ni jambo kubwa. Kukaza mwili huku umeziba pumzi kunapandisha presha ghafla. Sifu anamuuliza kila mgeni kuhusu presha na moyo kabla hajamruhusu kukaza. Mwanafunzi mmoja mwenye presha anafundishwa miondoko ile ile kwa ulaini, pumzi imeachiwa, na hakuna anayemharakisha. Kwa hilo namheshimu sana mwalimu huyu. Ukiwa na tatizo hilo, au umefanyiwa upasuaji wa ngiri, muone daktari kwanza.

Mwondoko ninaoupenda kuliko yote unaitwa mtawa mzee mwenye mzegazega. Mikono inatandazwa pembeni usawa wa mabega, viganja vinasukuma nje, na unahisi uzito kwenye ncha zote mbili huku uti wa mgongo ukibeba katikati. Ukiufanya vizuri mabega hayachoki, mapaja ndiyo yanatetemeka. Bangili za chuma zinazovaliwa vigashani sifu hunipa hapo na kwenye sehemu chache nyingine, na alinipa kwa kuchelewa sana, baada ya kiwiko kuzoea kuzama. Bangili zinauzwa mtandaoni na kila mtu anaweza kuziagiza leo. Ziacheni kwanza. Zikivaliwa mapema zinafundisha bega kupanda.

Sasa kupigana. Tit Sin peke yake haimfundishi mtu kupigana, na darasa hili halidanganyi juu ya hilo. Haina umbali, haina kukwepa, haina kasi ya miguu. Vinavyoiunganisha na mapambano ni mazoezi ya watu wawili. Yapo ya kugonganisha vigasha, yanaitwa nyota tatu: mnatazamana, kiuno kinageuka, vigasha vinakutana chini, juu, chini tena, kisha mnabadilisha upande. Mwanzoni ngozi inavimba na kuwa ya zambarau. Unapakwa dawa ya mitishamba iliyolowekwa kwenye pombe, unasuguliwa kwa nguvu, na harufu yake unaondoka nayo hadi sokoni. Baada ya hapo kuna kugusana: mwenzako anaweka kigasha juu ya chako na kujaribu kukufikia kifuani, wewe unatafuta daraja la kumjibu.

Kwa mwaka uliopita nimekuwa nikipigana mazoezi na vijana wa sanda, mchezo wa ngumi na mateke wa Kichina, wenye glovu, mateke na kukamata mguu. Tukiwa mbali, Tit Sin hainisaidii chochote, na kijana mwenye ngumi za haraka ananifikia kabla sijamgusa. Mambo yanabadilika mikono ikishagusana. Mmoja wao ana tabia ya kushika shingo na mkono ili aangushe. Alipouvuta mkono wangu nilishusha kiwiko, mwili wake ukaja mbele na kisigino chake kikanyanyuka. Ngumi iliyofuata ilitoka umbali wa kiganja, haikuwa na nafasi ya kurudishwa nyuma, na alirudi hatua mbili. Aliomba turudie. Tukarudia, na ikatoka tena. Nguvu hiyo ya inchi sikuwa nayo kabla. Miaka yangu ya kupiga gunia haikuwahi kunipa.

Malalamiko yapo. Sifu anaongea Kikantoni peke yake, na bila mwenzangu wa Lubumbashi ningepoteza mengi. Hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo daftari ni la kwako. Mvua ikinyesha kipindi kinahamia koridoni, watu wanabanana na mazoezi ya wawili hayafanyiki. Pia hapendi glovu, ndiyo maana sanda naifuata kwingine, jambo ambalo naona darasa lingeweza kulitatua kwa kipindi kimoja tu cha jioni. Ningependa alifikirie.

Hata hivyo sibadilishi. Kabla ya hapa nililipia mafunzo ya wikendi kwenye shule nyingine iliyotangaza Tit Sin nzima, mwanzo hadi mwisho. Miondoko kweli tulipewa yote. Hakuna aliyeshikwa kiwiko, hakuna aliyeulizwa kuhusu presha, na milio tulifundishwa tupige kwa pamoja huku tumekaza hadi nyuso zimevimba. Kijana mmoja alipata kizunguzungu akaketi chini, mafunzo yakaendelea. Iliniuma, kwa sababu watu walitoka mbali wakiwa na hamu ya kweli, wakarudi na video.

Ukija kutafuta mwalimu huku, muombe kitu kimoja kabla hujatoa pesa: ushike kigasha chake, naye ashike chako. Mwenye kitu hatakataa. Muulize pia nani alimfundisha, atakujibu kwa majina. Ukipata siku, panda metro ya kwenda Foshan ushuke kituo cha Zumiao, kwenye eneo la hekalu pana makumbusho ya Wong Fei-hung, ambaye duka lake la tiba hapa Guangzhou, Po Chi Lam, liliteketea katika machafuko ya 1924. Nimekwenda na ningekwenda tena.

Kwa mtu asiye na msingi wowote, jipe miaka, na usianzie kwenye seti hii. Aliyezoea mapambano ya kisasa atafaidika haraka zaidi kwenye mazoezi ya kugusana, na anaweza kumuomba sifu aanze na hayo sambamba na Gung Ji. Ada inalipwa mwanzo wa mwezi, taslimu au kwa WeChat, na ukisafiri kufuata mzigo anakuhesabia siku ulizokuwepo tu.